Magoti ya Generoza

Generoza alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa na mtoto mgongoni, na miaka thelathini baadaye alikuwa bado analima mahindi na maharage yake pale Runazi, upande wa Tanzania. Hapo hapo ndipo alipomzika mumewe. Kiswahili hakufundishwa na mtu. Alijifunza sokoni, kwa njia yake mwenyewe: anachukua neno la nyumbani, anakata kichwa chake, anaona kama watu wataelewa. Umugongo ukawa mgongo. Umwaka ukawa mwaka. Umukate ukawa mkate. Mara nyingi ilikubali, na pale ilipokataa majirani walimsahihisha, yakaisha.

Mwaka huo wa maharage mengi, miguu ilimgomea. Akiinama kupalilia, kuinuka ni mpaka ashike mpini wa jembe kwa mikono miwili. Kwa hiyo aliposikia kanisani kwamba madaktari wa nje wanakuja kutibu bure kwa wiki moja, alikuwa miongoni mwa waliofika Jumatatu kuwapokea.

Mkuu wao aliitwa Daktari Derick, mtu wa Kanada, mrefu, mwenye daftari dogo la Kiswahili mfukoni. Alisimama mbele ya watu akasema kwa furaha, "Asubuhi hii tumekunya chai na padri!"

Alitaka kusema wamekunywa. Watu walicheka, lakini cheko la mapenzi. "Anajitahidi!" walisema, wakampigia makofi marefu. Generoza naye alipiga, kwa moyo mmoja.

Siku ya pili akapanga foleni tangu alfajiri. Mezani alikaa daktari, na kando yake Nesi Diana, msichana aliyetoka nao Dar es Salaam kutafsiri. Diana hakumwamkia, ingawa Generoza angeweza kuwa mama yake mzazi.

"Shida?" aliuliza.

"Mavi yananiuma."

Nesi aliacha kuandika. "Yanauma?"

"Yote mawili. La kulia ndilo baya zaidi."

"Mawili!"

"Yamevimba. Nikiinama yanalia: ka, ka, ka."

Diana aliangusha kalamu. Alicheka mpaka akashika meza, kisha akamwita mwenzake wa meza ya pili kwa sauti iliyofika mwisho wa foleni: "Hebu njoo umsikie mkimbizi huyu, mavi yake yanalia!" Foleni nzima ikapasuka. Daktari akauliza kuna nini, naye akamjibu kwa Kiingereza, huku akifuta machozi, kuwa ni tumbo. Generoza akapewa dawa za minyoo na kikopo chenye mfuniko. Alete kesho.

Alete nini? Aliondoka bila kuelewa, ila neno moja alilielewa vizuri. Mkimbizi.

Nyumbani alimwonyesha binti yake Irakoze kile kikopo. Irakoze aligeuza uso.

"Mama, uliwaambia unaumwa wapi?"

"Hapa," akasema, akipiga mguu. "Amavi."

"Kwa Kiswahili hayo ni magoti. Ulichosema ni... ni choo kikubwa, mama."

Generoza alikaa chini. Magoti! Kumbe neno alikuwa nalo. Kila Jumapili aliyapiga magoti kanisani. Lakini maumivu humtoka mtu kwa lugha aliyozaliwa nayo, na lile neno la aibu hakuna aliyewahi kulitamka mbele yake. Watu wana adabu. Aliona aibu kwa muda mfupi. Kisha hasira ikaja, ikakaa.

Jumatano hakupanga foleni. Alipita mbele, akaweka kikopo kitupu mezani, akavuta kitenge mpaka juu ya goti.

"Haya ndiyo niliyowaletea jana," akasema. "Kwetu yanaitwa amavi. Mungetazama tu mungeyaona."

"Bibi, rudi nyuma, kuna utaratibu," Diana akasema.

"Utaratibu ulikuwa wapi jana? Daktari, Jumatatu ulisema umekunya chai. Tulikupigia makofi. Mimi nimekosea neno moja, nimepewa kikopo na jina la mkimbizi. Nimelima hapa kabla huyu mtoto hajazaliwa!"

Daktari alimgeukia nesi. "Nilisema nini?" Hakuna aliyewahi kumwambia. Diana alimnong'oneza, na masikio ya daktari yakaiva kama pilipili. Akauliza tena, sasa kuhusu jana, na nesi akajibu akitazama chini.

"Pole, mama," daktari akasema.

"Pole anasema asiyekosa. Aliyekosa anasema nisamehe."

"Nisamehe, mama."

Diana naye akasema, lakini chini chini.

"Jana ulicheka wakasikia wote," Generoza akamwambia. "Leo pia wasikie."

Ilibidi arudie. Alirudia huku machozi yakimlenga, na Generoza hakumwonea huruma. Hakuona sababu.

Ndipo magoti yakashikwa, yakakunjwa na kunyooshwa. Daktari alimweleza, Diana akitafsiri, kuwa mifupa imelika kwa kazi, akampa vidonge na dawa ya kuchua, akamwambia apunguze kuinama. Generoza alimuuliza maharage yatapaliliwa na nani. Mwenzao mmoja alipotaka kumpiga picha, alimwambia akawapige waliocheka.

Vidonge vilimsaidia, mavuno yalipofika aliweza kufanya kazi nusu siku. Lakini habari ilikwisha kuenea, na Leonidasi mwenye duka, ambaye alikuwa kwenye ile foleni, aliisimulia kwa wateja huku akiigiza sauti ya mama huyo. Generoza alimkuta katikati ya mchezo huo. Alirudisha chumvi aliyokwisha kuishika, akatoka.

Mpaka leo chumvi anaifuata Nyarubungo. Ni mbali, na akifika huko huomba kiti kwanza, anyooshe miguu. Irakoze amemsihi mara nyingi asamehe tu, duka liko mlangoni.

"Yeye aje aombe," anajibu. "Duka lake liko karibu, basi na yeye njia anaijua."