Taimingi Ukweni

Siku niliyopeleka mabati kwa mama mkwe wangu, lori lilianza kukohoa karibu kabisa na Luanda Kotieno, kando ya ziwa. Kilima kidogo tu, ambacho hata punda wa maji hukipanda bila kulalamika, kikanishinda. Nikashusha gia, nikashusha tena, na kwenye kioo cha pembeni nikaona moshi mweupe umeifunika barabara yote nyuma yangu.

Lori lenyewe lina umri mkubwa kuliko ndoa yangu. Ni la zamani, lenye boneti ndefu mbele, na madereva wenzangu wa Kondele, kule Kisumu, hupenda kuniuliza kama nalilisha nyasi. Mimi nalipenda kwa sababu moja: halina kompyuta. Likiugua, ugonjwa wake unashikika kwa mkono.

Na huu niliujua kwa harufu tu. Injini ya dizeli haina plagi ya kuiwasha. Pampu ndiyo inayosukuma dizeli kwenye silinda, wakati ule ule hewa imebanwa ikawa moto wa kutosha. Pampu ikichelewa kidogo tu, dizeli haiungui vizuri, unapata moshi mweupe unaowasha macho na lori linakosa nguvu kabisa. Taimingi, yaani wakati wa pampu kusukuma, ilikuwa imehama.

Niliingia bomani kwa mama mkwe ndani ya wingu langu mwenyewe. Mbele ya jiko lake injini ikazima, na si mimi niliyeizima.

"Karibu, orwa," sauti yake ikaja kutoka upande wa pili wa moshi. Orwa, kwa Kijaluo, maana yake ni mkwe wetu. "Naona umekuja ukipika."

Hapo lazima nieleze jambo. Kwetu, mtu na mama mkwe wake huheshimiana kwa umbali. Miaka yote tangu nimwoe binti yake, mazungumzo yetu yalikuwa salamu, habari za watoto na habari za mvua. Nikija, huketishwa sebuleni, chakula kinaletwa na mtu mwingine, yeye anabaki jikoni. Mama huyu ni mjane, kiongozi wa akina mama kanisani, mtu asiyecheka ovyo. Nilimwogopa kwa adabu, na nadhani yeye pia alinivumilia kwa adabu.

Jambo la pili ni kwamba mkwe halali kwenye boma la mama mkwe. Wengine siku hizi hawajali. Mama huyu anajali.

Vijana wa jirani walishusha mabati upesi, kisha wakavaa mashati safi wakaenda mazishini kijiji cha pili, ambako watu wote wa pale walikuwa wamekwenda tangu asubuhi. Mama alibaki kwa sababu ya kunipokea mimi. Kule ufuoni kuna mafundi, lakini wao ni wa injini za boti za petroli, na hata wao walikuwa mazishini.

Nikampigia mke wangu, aliyekuwa dukani kwake Kondele.

"Lisipowaka utalala wapi?" akauliza.

"Ndani ya lori."

"Na lori liko wapi?"

"Mbele ya jiko la mama."

Alicheka mpaka mteja wake naye nikamsikia akicheka, bila hata kujua kichekesho ni nini.

Nikafungua boneti. Pampu hiyo huzungushwa na injini kupitia kiungo chenye bolti mbili, na matundu ya bolti hizo ni marefu ili uweze kuisogeza pampu mbele au nyuma. Barabara mbovu ilikuwa imezilegeza. Pampu imeteleza, imechelewa, kwisha maneno. Kuikaza ni kazi rahisi. Kazi ngumu ni kujua uikaze ikiwa wapi.

Nilifungua kifuniko cha valvu, nikazungusha injini kwa chuma kirefu upande wa mbele mpaka pistoni ya kwanza ikawa inapanda na valvu zake zote mbili zimefunga, na alama ya kwenye puli imekutana na kidole cha chuma kilicho kwenye injini. Halafu nikatoa bomba la kwanza la pampu, nikachomoa valvu ndogo na springi yake, nikavitia kwenye kofia yangu chini. Mahali pake nikafunga kipande cha bomba kilichopinda, mfano wa shingo ya bata. Ukisukuma dizeli kwa pampu ya mkono, inatoka kwenye shingo hiyo. Unaizungusha pampu polepole, mkondo unapungua, unakuwa matone, kisha unakatika. Pale tone linapokatika ndipo pampu inapoanza kusukuma. Hapo ndipo unapokaza.

Tatizo ni mikono. Mmoja wa kupampu, mmoja wa kuzungusha, mmoja wa kukaza, na macho yasiyoondoka kwenye tone. Nilijaribu kupampu kwa kiwiko. Nilijaribu kukimbia mbele na nyuma ya boneti. Nikiwa nimeinama, kuku mmoja akaja akadonoa springi kwenye kofia, nikapiga kelele ambayo si ya kupigwa ukweni.

Mlango wa jiko ukafunguka. Mama mkwe akaja moja kwa moja, akamfukuza kuku, akachukua valvu na springi, akaviweka kwenye sahani ya bati ya rangi nyeupe na kuifunika na sahani nyingine.

"Hii kazi ni ya watu wawili," akasema.

"Ni kweli, mama. Nitangoja vijana warudi."

"Watarudi usiku. Wewe utakuwa wapi usiku?"

Akajifunga leso juu ya gauni, akavuta stuli karibu na gurudumu, akapanda.

"Mama, nguo itachafuka."

"Nguo inafuliwa. Nionyeshe pampu ya mkono. Ni hii?"

Ilikuwa hiyo hiyo. Nikasimama nikimwangalia, na yeye bila kunitazama akaeleza. Zamani yeye na marehemu mume wake walikuwa na mashine ya kusaga mahindi nyuma ya nyumba, ya injini ya dizeli. Kila ikikohoa, mzee alizungusha gurudumu na yeye akaangalia tone. Mke wangu hakuwahi kuniambia. Baadaye aliniambia hakudhani ni jambo la kumwambia mtu.

Tukaanza. Nilishika kiungo cha pampu, yeye akapampu, uso karibu kabisa na ile shingo ya bata.

"Inamwagika," akasema. "Inamwagika. Haya, inapungua. Tone. Tone. Tone... Simama!"

Nilisimama kama niliyeitwa na polisi. Nikakaza bolti. Kisha tukahakikisha: nikaenda mbele na chuma changu, nikairudisha injini nyuma, nikaileta tena polepole kuelekea alama, naye akihesabu matone kwa sauti. Alama ilinipita kabla hajasema simama. Pampu ilikuwa imeteleza nilipokuwa nakaza.

"Imechelewa," nikasema, nikaanza kuirudisha injini kidogo.

"Usirudishe kidogo tu," akaniambia. "Rudi nyuma kabisa, halafu uje mbele. Meno ya gia yana nafasi, yatakudanganya."

Ndivyo nilivyofundishwa hata mimi, ila kuyasikia maneno hayo kutoka kwa mama mkwe, juu ya stuli, na leso yenye maua, kulinifanya nicheke. Nikajiziba mdomo. Halafu nikasikia kicheko kingine. Sikuwahi kumsikia akicheka.

"Marehemu alikuwa hapendi nimwambie simama," akasema. "Lakini kwa hii kazi alikuwa lazima anisikie. Nilikuwa naombea injini iharibike."

Tukarudia. Safari hii nilikaza bolti huku nimeibana pampu kwa goti, na tulipoizungusha injini, tone la mwisho lilining'inia, likakataa kuanguka, na alama ikawa imetulia mbele ya kile kidole cha chuma. "Hapo," akasema kwa sauti ya chini. Tulisahau hata kuheshimiana kwa umbali. Vichwa vyetu karibu vigongane.

Nikarudisha valvu kutoka kwenye sahani, nikafunga bomba, nikatoa hewa kwenye mabomba. Niliponyonga ufunguo, injini ilikohoa mara kadhaa, ikatema moshi, kisha ikashika. Moshi ukawa mwepesi, ukaisha. Mama alisimama ameinamisha kichwa, sikio upande wa boneti, kama anayesikiliza wimbo anaoujua.

"Iko sawa," akasema. "Sasa ningoje ninawe. Utanipeleka mazishini."

Kwa hiyo watu wa kijiji cha pili waliona lori kuukuu likisimama karibu na hema, na mama yule, mwenye msimamo kuliko wote, akishuka kutoka kiti cha mbele, kando ya mkwe wake. Mzee mmoja akamuuliza ametoka wapi na orwa.

"Kazini," akajibu, akapita kwenda kuketi na akina mama.

Nilirudi Kisumu nikipanda vilima kwa gia ambayo sikuwa nimeitumia kwa muda mrefu, kioo cha pembeni kikiwa safi. Nilipofika nyumbani, mke wangu alinifungulia mlango simu ikiwa sikioni. Akasikiliza, akaitikia, akaifunika kwa kiganja.

"Ni mama," akasema, macho yamemtoka. "Hataki kuongea na mimi. Anasema nikupe simu."

Nikaipokea.

"Orwa," akasema mama, "injini ikipoa, zikaze tena zile bolti. Usingoje kesho."

Nikachukua spana nikatoka nje.