Ngazi Iliyokuwa Haijakauka

Elspeth Tulloch, jirani yangu wa mlango unaotazamana na wangu, alifunga biskuti kiwandani kwa miaka thelathini, na harufu ya tangawizi haikumtoka mpaka uzeeni. Kila Jumapili yeye na mumewe Wattie, fundi wa paa, waliuzunguka mtaa wetu wa Canongate, hapa Edinburgh, wakifuata kitabu cha kuongoza wageni kilichopigwa chapa enzi ya Malkia Viktoria. Jengo walilolikuta bado limesimama, Wattie aliliwekea alama ya vyema kwa penseli. Lililobomolewa walilisimamia dakika moja, yeye kofia mkononi, kama wafiwa. Tena walikuwa wameapiana: hakuna atakayetangulia kuona kitu peke yake.

Wattie alikufa likiwa limebaki jengo moja. "Katika uchochoro wa Galbraith," kitabu kilisema, "chumba cha juu kabisa kina dari ya mbao yenye michoro. Ufunguo uko kwa mjane wa ghorofa ya pili."

Kando ya maneno hayo Elspeth alikuta kijistari cha penseli kinachoshuka. Mkono wa pili wa vyema, ule mrefu unaopanda, haukuwapo.

"Alikwenda bila mimi," aliniambia, sijui mara ngapi. "Ile Jumatano. Alisema yuko kwa kinyozi, akarudi jioni amepauka, na nywele zilezile."

"Labda kulikuwa na foleni, dada."

"Foleni ya nani? Wanaume wa mtaa huu wote vipara!"

Miaka mitatu kijistari kile kilikaa naye. Usingizini alisikia viatu vya Wattie vikipanda ngazi asiyoijua, naye yuko nyuma, hamfikii. Kitabu alikigeuza kifudifudi mezani, lakini ndoto haikukoma. Kisha uchochoroni pakabandikwa tangazo la kubomoa. Elspeth akavaa koti, akanishika mkono.

Ghorofa ya pili alitufungulia kikongwe mwenye aproni, Bi Cranstoun.

"Kama mmekuja kunihamisha, mimi sijafungasha."

"Mimi ni mke wa Wattie Tulloch, mama."

Kikongwe aliufungua mlango wote.

"Yule fundi mwenye kikohozi? Mbona umechelewa hivyo, mwanangu?"

"Aliingia?"

"Angeingiaje? Ilikuwa zamu yangu ya kuosha ngazi. Namwaga maji, namwona chini, kitabu wazi, ameshaanza kuweka alama yake. Nikamwambia, 'Ngazi mbichi hiyo!' Penseli ikasimama. Nikamhurumia, nikasema panda tu, baba. Akasema mama yake angefufuka amchape, akikanyaga ngazi ya mwanamke kabla haijakauka."

"Ndiye huyo," Elspeth alinong'ona.

"Akakaa kidato cha kwanza cha ngazi, kile cha chini. Siku ile ukungu, mawe hayakauki. Nikasema basi nimsimulie dari. Akaziba masikio. 'Usiniambie, mama. Mke wangu hayupo.' Akakaa weee, kisha akaondoka."

"Lakini alikuja."

"Alikuja. Maji ndiyo yaliyomzuia kwanza, nisikudanganye. Kukuonea haya kulikuja baadaye."

Alivua ufunguo shingoni, ule unaorithiwa na wakazi wa ghorofa ile. Juu, chumba kilikuwa kitupu na baridi. Darini palikuwa na matufaha mekundu, ndege wenye shingo ndefu, na uso wa mwanamume uliofutwa nusu na unyevu. Jicho lililosalia lilitufuata hadi mlangoni. Elspeth hakutoa penseli.

Tulishuka polepole, yeye akinong'ona njia nzima, wala si kwangu. "Matufaha, Wattie. Mekundu. Ndege saba, mmoja amevunjika mdomo. Na kuna mtu, lakini nusu yake imekwenda."

Tukafika kidato cha kwanza, kile cha chini. Alikusanya koti lake, akajibana ukutani, akapita pembeni, kama mtu anavyompisha aliyekaa.