Kompyuta Haikai Uchi

Mimi nimesoma mpaka darasa la nne, basi. Kusoma nasoma, ila polepole, na nikiandika kwa kalamu herufi zangu zinalala huku na huku kama mbuzi walioshiba. Haya mnayoyasoma nimeyagonga mwenyewe kwa vidole viwili, kwenye kompyuta ile ile nitakayowasimulia.

Kompyuta ilikuwa ya binti yangu. Alipoolewa akahamia Maskati, aliniachia, akaniunganishia sebuleni kwangu hapa Ngamiani, Tanga. Kasha lake limelala upande mmoja wa meza, kioo upande wa pili, na kamera ndogo imebanwa juu ya kioo. Simu ninayo, lakini kwa macho yangu haya mtu wa kwenye simu namwona kama punje ya mchele.

Kwa kompyuta hiyo nimemsomesha mjukuu wangu. Tangu ana miaka minne, kila siku baada ya alasiri, yeye kule na juzuu yake, mimi huku na yangu, tukaanza alifu, be, te. Walimu wa kule wapo tele, lakini mtoto alisema anasoma na bibi. Baadaye alipata mwalimu, ila jioni ilibaki yangu. Kila alichofundishwa alinisomea. Mwaka huu akafika mwisho. Msahafu mzima, ana miaka tisa. Najivuna, ndiyo. Wa kwenu akihitimu nawe jivune.

Binti yangu akapanga shughuli: Ijumaa baada ya sala, nyumba ijae wageni, mtoto asome sura za mwisho mbele yao, kisha dua. Kusoma peke yake kungepita saa nzima. Mtoto akamwambia mama yake, nikisikia kwa masikio yangu: "Bibi asiponisikiliza mpaka mwisho, mimi sisomi." Hapo nikajua siku hiyo nina kazi, na kazi yenyewe haina mtu wa kunishikia.

Kwa heshima ya siku hiyo nikafuma seti mpya ya vitambaa. Kufuma najua, usiniulize. Uzi mzito, rangi ya maziwa, mawaridi katikati, matamvua pembeni. Kimoja cha kioo, na kimoja kikubwa cha kasha, kinashuka pande zote mpaka mezani, mbele nimeacha kidirisha cha kubonyezea kitufe. Juu ya kasha nikaweka chombo cha maua ya plastiki. Sebule ikawa sebule.

Mwezi huo huo kompyuta ikaanza kuzimika. Inawaka vizuri, tunasalimiana, mtoto anasoma, ikifika dakika ya ishirini, pu! Kioo cheusi. Ukiisubiri ipumzike inawaka tena, ukianza kunogewa, pu! Mtoto kule analia, "Bibi kakata!" Mimi sijakata.

Nikamwita fundi. Akaitazama akiwa mlangoni kama mtu anayetazama mzoga. "Bi mkubwa, hii imezeeka. Tupa."

"Na mimi nimezeeka," nikamwambia. "Nikutafutie jaa la kunitupia?"

Akaondoka bila chai yangu.

Jirani yangu mwenye duka la fotokopi ndiye aliyeniingiza kwenye kundi. Alisema kuna watu huko kwenye simu, wamo wa Dar es Salaam, Arusha, Tanga, kutwa wanazungumza kompyuta tu. Wenyewe wanafufua hata zilizokufa. Nikamwambia niingize sasa hivi.

Nikaingia kwa adabu zangu. Nikabonyeza pa kurekodi sauti nikasema: "Asalaam alaikum, hamjambo nyote, mmeamkaje, watoto hawajambo, na wagonjwa wenu wanaendeleaje?" Nikasubiri waitikie ndipo niseme shida.

Jibu likaja la maandishi, kutoka kwa msimamizi wa kundi, mtu wa Dar: "Mkuu, soma sheria. Salamu haziruhusiwi, zinajaza kundi. Andika tatizo moja kwa moja."

Nilisoma mara tatu. Kwanza, mkuu wa nani mimi? Pili, watu gani hawa wasiosalimiana? Nikarekodi tena: "Mwanangu, mimi si mkuu, ni bibi wa wajukuu sita. Na shida yangu siisemi kwa mtu ambaye hajaniitikia."

Salamu zikaanza kuingia kama mvua: Shikamoo bibi. Shikamoo bibi. Shikamoo. Msimamizi akawa wa mwisho: "Shikamoo bibi. Haya, tatizo."

"Marahaba," nikasema, na tatizo nikalimwaga.

Watu wale wana maneno! Mmoja anasema programu imechoka, mwingine anasema virusi, wa tatu anawaambia nyote hamjui kitu. Kulikuwa na baba mmoja wa hapa hapa Tanga, anakaa Usagara, yeye kila ugonjwa wa kompyuta ni pawa saplai, lile boksi linaloingiza umeme ndani. Mtu akisema kioo chake kina doa, yeye: "Pawa saplai." Walikuwa wanamcheka, "Mzee, na mke wako akinuna ni pawa saplai?" Naye anajibu, "Hiyo ndiyo ya kwanza kuangalia." Nikampenda.

Na alikuwepo mwanamke mmoja, anatunza kompyuta ya mapokezi kwenye nyumba ndogo ya wageni kule Ushongo. Huyu hakuwa na kelele. Ndiye aliyenifundisha kufungua kasha. "Bibi, zima umeme, chomoa waya, shika chuma cha kasha kwanza, ndiyo uguse vya ndani. Chumvi ya bahari inakula miguu ya vile vibao vya kumbukumbu. Visugue kwa kifutio cha penseli."

Mimi! Na bisibisi! Nikavua kitambaa, nikakikunja nikakiweka kabatini kisichafuke, nikafungua. Vumbi la humo ndani lingetosha kujaza mto wa kulalia. Nikalitoa kwa brashi, nikasugua vibao kwa kifutio mpaka vikang'aa, nikarudisha kila kitu kama nilivyokikuta. Nikawasha huku kasha liko wazi, wanavyoelekeza. Ikakaa saa nzima! Nikatangaza kundini, watu wakapiga makofi yale ya vidole vya njano. Nikafunga kasha, nikafuta meza, nikaivisha nguo zake. Dakika ishirini, pu!

"Bibi, una hakika feni inazunguka?" akauliza msimamizi.

"Inazunguka kama mwendawazimu."

"Iko mahali penye hewa?"

"Iko dirishani. Upepo wote wa Tanga unapita hapo."

Sikuwa nimesema uongo.

Baba wa Usagara hakuvumilia. Akaja mwenyewe kwa baiskeli, pawa saplai yake nzima kaifunga nyuma kwa mpira. Mtu mzima, kanzu safi, kofia ya kito. Kwa kuwa mgeni anakuja kufanya kazi, nilishaivua kompyuta vitambaa na kuitayarishia meza, kama unavyomtayarisha mgonjwa daktari asihangaike. Akabadilisha boksi lake, akawasha, tukanywa chai, tukala mkate wa kumimina, akanisimulia habari za mkewe na za baiskeli. Saa moja na nusu kompyuta haijakohoa. Hapo hapo akaandika kundini: "Nilisema nini? PAWA SAPLAI." Kundi likamwita daktari, wakamwomba radhi.

Akapanda baiskeli akaenda. Nikavisha. Nikampigia mjukuu wangu nimpe habari njema, na katikati ya habari njema ikazima.

Kumwambia yule baba iliniuma kuliko kompyuta yenyewe. Nikasema tu kundini, "Imekufa tena." Masikini, walivyomwandama! "Daktari, mgonjwa wako kafia mikononi!" Yeye akajibu neno moja: "Haiwezekani." Na msimamizi akaniandikia, hakufanya mzaha: "Bibi, wakati mwingine mashine inafika mwisho. Siku hiyo tumia simu."

Nikarekodi kwa hasira: "Zimebaki siku sita. Sitamtazama mjukuu wangu kama punje ya mchele siku ya kuhitimu. Mkichoka, pumzikeni. Mimi sijachoka."

Siku hizo nilikuwa nikiamka nasali, nafanya kazi zangu, kisha nafungua lile kasha. Nilishajua kila msumari wake. Mkono wangu wa kufuma ukawa mkono wa bisibisi. Na kila likiwa wazi ni zima, kila nikimaliza kazi ni bovu. Nikaanza kufikiri lina husuda. Nikalisomea. Halikujali.

Zilipobaki siku nne, nikaona nipange sebule mapema. Nikapanga mikeka, nikaivisha tena kompyuta seti yake mpya, maua juu, nikapiga picha nikaituma kundini. Nikawaambia: "Hapa ndipo nitakapokaa Ijumaa. Niombeeni." Nilitaka na kitambaa wakione, sifichi.

Wakasifu. "Bibi, hiyo ni kazi ya mkono?" Nikaona raha. Halafu yule mwanamke wa Ushongo akaandika: "Bibi, kitambaa hicho huwa kinakaa hapo kompyuta ikiwa inawaka?"

"Mwanangu, kinakaa siku zote. Niiache uchi mbele ya watu?"

Akaandika: "Na picha zote ulizotutumia siku za nyuma?"

"Nilikuwa naivua. Mtakaguaje iliyovaa?"

Sijui kama mmewahi kuona watu mia mbili wakicheka kwenye simu. Vile vikatuni vya machozi vilipanda mpaka simu ikawa nzito mkononi. Mmoja: "Tumetibu mwezi mzima mtu aliyefunikwa blanketi!" Mwingine: "Jamani, Tanga!" Baba wa Usagara: "Nilisema haiwezekani. Nilisema!" Mwanamke wa Ushongo peke yake hakucheka. Aliandika, "Bibi, mama yangu anaifunika redio hivi hivi, ndiyo maana nikajua. Kompyuta ina matundu ya kupumulia pembeni na nyuma. Inajichoma ndani kwa ndani."

Nilijitoa kwenye kundi. Nilibonyeza pa kujitoa kwa nguvu kama napigilia mlango.

Nikakaa kwenye kiti natazama kitambaa changu. Mikesha ya macho yangu ile, mawaridi yale niliyahesabu moja moja. Mama yangu alifunika redio, bibi yangu alifunika mtungi wa maji. Nyumba isiyo na vitambaa tulikuwa tunaiita nyumba ya mpita njia. Sasa mtu ambaye hajui hata nyuma na mbele ya sindano aniambie kazi yangu ndiyo ugonjwa?

Lakini mimi si mpumbavu. Nikawasha ile kompyuta ikiwa imevaa, nikakaa nayo, saa ya ukutani mbele yangu. Dakika ya kumi na tano nikaingiza mkono chini ya kitambaa.

Chuma cha chapati. Nilitoa mkono naupuliza.

Nikakivua. Nikakivua na cha kioo. Maua nikayapeleka dirishani. Kompyuta ikakaa pale mezani, kijivu, mbaya, ina mchubuko ubavuni, nami nikakaa naitazama kutoka alasiri mpaka adhana ya magharibi. Haikuzimika. Nilitamani izimike, Mungu anisamehe, kwa dakika chache nilitamani hivyo.

Nikaenda kwa jirani wa fotokopi anirudishe kundini. Nikarekodi: "Ni mimi. Ni kitambaa. Baba wa Usagara, boksi lako ni zima, njoo ulichukue na chai ipo. Na wewe mwanangu wa Ushongo, mama yako mwambie aivue ile redio."

Msimamizi akajibu, "Karibu tena bibi. Umesahau salamu."

Ijumaa wakaja majirani zangu, wanawake saba, na madera yao na udi. Wa kwanza kuketi akanyoosha kidole. "Shoga yangu, leo shughuli kubwa hivi mtambo umeuacha uchi?"

"Unapumua," nikamwambia. "Kaa."

Nikawasha. Maskati ikajaa kioo kizima, wageni, kanzu, na katikati mjukuu wangu kavaa shungi jeupe, msahafu uko juu ya marufaa. Alipoinua uso tu akasema, "Bibi! Leo nakuona na paji la uso!" Kumbe matamvua ya kitambaa cha kioo yalikuwa yananing'inia mbele ya kamera muda wote, na mtoto alizoea bibi wa nusu uso.

Akaanza kusoma. Nakiri, dakika ishirini za kwanza sikusikia kitu. Nilikuwa nasikiliza feni. Mkono wangu mmoja nimeuweka ubavuni mwa kasha kama unavyomshika mtoto mwenye homa. Saa ya ukutani ikafika pale, ikapita. Chuma kilikuwa vuguvugu tu. Nikauondoa mkono, nikafungua msahafu wangu, nikamfuata kwa kidole.

Karibu na mwisho aliteleza, akaruka aya. Wageni kule kimya, mwalimu wake kimya, naona walimwonea huruma wakataka ipite. Lakini jioni zangu naye hazikuwa za huruma.

"Rudia," nikasema.

Watu wa Maskati wakageuka wote kutazama sauti inatoka wapi. Mtoto akatabasamu, akarudisha kidole chake nyuma, akarudia.