Utani Mbele ya Mkwe

Mwaka 1976, kila Jumamosi jioni, majirani katika kijiji cha Didia walikusanyika kwa Mageni, balozi wa nyumba kumi, kusikiliza kipindi cha redio ambamo mchekeshaji aliwahoji viongozi wa kuigiza. Jumamosi moja mgeni wa kipindi alikuwa mwenyekiti aliyewagawia shemeji zake majembe ya kijiji.

"Mageni mtupu huyo!" Anisia alidakia. "Hata kikohozi ni chake!"

Watu walivunjika mbavu. Mageni naye alicheka, kwani Anisia alikuwa binamu yake na mtani wake. Lakini Anisia alimsahau mzee aliyekaa pembeni, aliyetoka Mhunze kumposa Limi, binti wa Mageni, kwa ajili ya mwanawe. Mzee hakucheka. Kwake yeye, mwizi alikuwa ametajwa jina. Asubuhi aliaga bila kutaja ng'ombe wa mahari, wala hakurudi.

Jumamosi iliyofuata Limi aliwapangia watu viti bila kuinua macho. Kipindi kilipokwisha, Mageni aligeuka.

"Haya, mtani, mgeni wa leo umemwonaje?"

Wote wakamngoja Anisia. Aliinuka, akamfuata Limi aliyekuwa akitwanga jikoni, akampokea mchi, akaanza kutwanga.