Doris Hakimbii

Kaka yangu Howard Ibbotson alimwonea Doris wivu wa kumkosesha usingizi, na Doris hakuwa hata mtu. Alikuwa kisanduku cha umeme chenye vitufe na taa nyekundu, kazi yake kupiga ngoma. Bendi ndiyo iliyombatiza jina hilo kwa mzaha.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini, hapa Sheffield, mji wa viwanda vya chuma Uingereza, kila kijana aliyekosa kazi kiwandani alikuwa na kinanda cha umeme na nywele zilizofunika jicho moja. Howard yeye alikuwa na ngoma. Pamoja na Adrian Staniforth, mwimbaji, na wenzao wawili wa vinanda, walifanya mazoezi ghorofani, juu ya karakana ya visu. Vinanda vilitoa sauti baridi, kama upepo kwenye bomba tupu, naye Adrian aliimba kama anasoma matangazo ya vifo. Aliyetia joto ni Howard. Mimi ni dada yake na sioni haya kusema hivyo.

Ila akifurahi, alikimbia. Wimbo ulianza kwa mwendo wa kutembea ukaishia kwa mwendo wa kufukuzwa na mbwa. Baba yetu, Wilf, aliyemalizia ujana wake kwenye nyundo ya mvuke kiwandani, alikwenda kumsikiliza mara moja tu, kwenye baa ya mtaani kwetu.

"Umekimbia," akamwambia.

"Watu wamecheza, baba!"

"Wamecheza huku wanakukimbiza. Ingekuwa kwenye nyundo, saa hizi huna mkono."

Howard alicheka, lakini tangu siku hiyo alitaka jambo moja tu: baba aseme amepiga vizuri. Sifa za watu wengine hazikumshibisha.

Ndipo Adrian akaleta Doris. Hakuna aliyejua kumfanya apige kama binadamu.

"Hebu Howard, tupigie ule mdundo wako. Taratibu, pigo moja moja," Adrian akamwambia.

Ndugu yangu, mjinga wa watu, akashinda Jumapili nzima akipiga, wao wakibonyeza kila pigo lake kwenye kisanduku. Alirudi nyumbani kifua mbele.

"Glenys, anapiga kama mimi! Amekosa miguu tu!"

Wiki iliyofuata Adrian alisimama mlangoni kwetu, macho kwenye viatu vyake.

"Si kwamba hatukupendi, Howard."

"Ila?"

"Doris hakimbii, bwana. Halafu anaenea kwenye begi."

Wimbo wenye mdundo ule ukapanda chati. Ukapigwa sokoni, kwa msusi, hadi kwenye kiwanda cha vijiko alikokwenda Howard kung'arisha vyuma. Kila redio ilipowashwa, alisikia mapigo ya mikono yake mwenyewe yakipigwa na mwingine. Alizima redio ya mama. Siku moja akaingiza mkono dirishani kwa jirani akazima na ya kwake.

"Kale kakimada ka plastiki," alikuwa akisema, na mate yanamruka.

Nami niliona wivu pamoja naye. Gazeti likitoa picha ya Adrian na koti lake jipya, nilimenyea viazi juu ya uso wake.

Kisha bendi ikaitwa kwenye televisheni. Kule ilikuwa kawaida kupiga sahani ya santuri, wanamuziki wakiigiza tu, na mkuu wa kipindi hakutaka kuonyesha kisanduku. Alitaka mtu nyuma ya ngoma. Adrian akarudi mlangoni.

"Utaigiza tu, kaka. Matoazi ni ya plastiki, hayalii. Atakayesikika ni Doris."

"Yaani nikae mbele ya nchi nzima nimwige Doris, anayeniiga mimi?"

"Mfukuze," nikasema.

Howard alitazama uani, baba alikokuwa akilisha njiwa wake.

"Baba ataangalia," akasema. "Nitakuja."

Alhamisi jioni, kipindi kilichorekodiwa jana yake kiliporushwa, tulijaa sebuleni na chai zetu, Howard akiwemo. Kwenye skrini alionekana katika shati la kuazima, mikono ikienda sawasawa. Baba, ambaye hakuna aliyemwambia habari ya kuigiza, alisogeza kiti. Kidole chake kikaanza kugonga mkono wa kiti, kikafuata mdundo hadi mwisho.

"Safi," akasema. "Safi kabisa, mwanangu. Hujakimbia hata pigo moja."

Nilifungua mdomo. Howard akanikanyaga mguu.

"Asante, baba."

"Nilijua iko siku utatulia."

Neno alilolisubiri miaka yote limetoka, na limekwenda kwa Doris. Alikusanya vikombe akaenda jikoni, nikamfuata. Alisimama mbele ya sinki, vijiko viwili mkononi, akaupiga ule mdundo ukingoni: taratibu, kisha haraka, kisha haraka zaidi, ukawa moto, mpaka mwili ukanisisimka.

"Glenys!" baba akapaza sauti kutoka sebuleni. "Acha fujo na hivyo vijiko! Kama unataka kupiga, si umwombe kaka yako akufundishe?"

Howard akavitumbukiza vijiko kwenye maji, akaanza kuosha vyombo.