Mtakatifu Pamonti wa Mgodi wa Shaba

Alizaliwa mwaka wa 281 katika kijiji cha Tasu, Misri ya Juu, mtoto wa tatu wa Hatre mchonga mawe na mkewe Senura. Baba yake alimfundisha kugonga jiwe na kulisikiliza, kwani lenye ufa huitika kama chungu kilichopasuka. Alibatizwa akiwa na miaka kumi na tisa. Miaka minne baadaye alikataa kufukiza ubani mbele ya sanamu ya Kaisari, akatiwa pingu na kupelekwa kwenye mgodi wa shaba, mwendo wa siku sita jangwani, katika korongo lisiloona mvua miaka kumi.

Huko alikutana na Padri Horioni, mzee wa miaka sabini, mfungwa wa imani hiyo hiyo. Waligawana mkate wa shayiri na taa moja. Siku moja mzee alishindwa kujaza kapu lake. Msimamizi, Kronio, akamchapa, na siku ya tatu akafa. Pamonti alimzika kwa mikono yake. Mwaka mzima baada ya hapo, alikiri baadaye, Sala ya Bwana ilimshinda: akifika penye kusamehe, ananyamaza.

Mwaka wa 307, asubuhi, paa la handaki liliporomoka, Kronio akiwa ndani. Wafungwa walisimama nje wakimsikia akilia. Pamonti akasogea mlangoni.

"Mwache humo," alisema Besa, mfungwa mwenzake. "Mungu mwenyewe kamfungia mlango. Wewe nani uufungue?"

"Mlima bado unashuka, Besa. Nikikaa kubishana nawe, atakufa."

"Na afe! Umemsahau mzee?"

"Sijamsahau, ndugu yangu. Mimi ndiye niliyemzika."

Akaingia akitambaa kwa tumbo, akigonga mwamba kila hatua. Alimkuta Kronio amebanwa miguu.

"Umekuja kunimaliza?"

"Nimekuja kukutoa. Nyamaza, nisikie jiwe."

Alichimba hadi alasiri. Mwishowe Besa naye aliingia, akitukana, akashikilia gogo lililobeba paa. Walipotoka, wenzake walidhani watamwona Pamonti aking'aa kwa furaha. Yeye aliomba maji tu. Sala ile aliimaliza wiki tatu baadaye, kwa shida.

Kronio hakubatizwa, ila hakushika tena mjeledi. Wafungwa walipoachiliwa mwaka wa 313, Pamonti alibaki korongoni akiwauguza vilema wasioweza safari ya kurudi kwao. Wa mwisho wao alipozikwa, aliishi peke yake katika handaki lililoachwa, akafariki mwaka wa 349.

Wachungaji wa mbuzi husimulia kwamba pale alipokuwa akilala, mwamba hutoa maji ya kikombe kimoja kwa siku. Nao wamezoea kunywa nusu na kumwachia ajaye, hata wasipomjua.

Basi, anayetaka kumwiga mtakatifu huyu asingoje hasira yake ipoe kwanza. Aende nayo hivyo hivyo, hadi alipo adui yake, aanze kuondoa mawe.