Penseli ya Bi Mardhiya

Wenzake wa kikundi cha wasomaji katika maktaba ya Edmonton, London, walikuwa wakimwogopa Bi Mardhiya, na wala si uongo, walikuwa na sababu. Mzanzibari mfupi huyu, mstaafu wa kazi ya kuwauguza wazee majumbani, alisoma kila riwaya mpya na penseli sikioni kama seremala. Moja iliyosifiwa na magazeti yote aliimaliza hivi: "Kurasa mia nne, na hapana hata mtu mmoja aliyefua nguo! Watu gani hawa? Wananuka." Hadithi fupi ndizo alizozipenda hasa, lakini nazo hazikusalimika.

Basi siku moja bintiye Zainab alimwekea mezani karatasi kumi na mbili. Ilikuwa hadithi yake ya kwanza. Jarida moja lilikuwa limeikubali, na jibu lilitakiwa Jumatatu.

"Ukisema isitoke, mama, haitoki," alisema, kwa Kiingereza kama kawaida yake.

Bi Mardhiya akasoma. Mjane wa Kizanzibari, hapa hapa London, mumewe kazikwa wiki ya tatu, naye yuko edani, hatakiwi kutoka nyumbani. Kila alfajiri anatoka kwa mlango wa nyuma, yunifomu ndani ya baibui, anakwenda kuwaogesha wazee wa watu. Jioni wanawake wakija na masufuria ya chakula, wanamkuta kakaa mkekani, kainamisha kichwa.

Akaiweka karatasi chini.

"Hii si kweli," akasema. "Mjane haendi kazini edani. Msomaji hataamini."

"Nilikuwa na miaka minane, mama. Nilikuwa dirishani, nikakuona ukitoka."

Lo! Na yeye akidhani mtoto kalala. Kazini walimpa ruhusa ya siku tatu tu, angefanyaje? Lakini tangu hapo, miaka ishirini na tisa, kila aliyefiwa na mume huambiwa amtazame Mardhiya: miezi minne na siku kumi, hakuchungulia hata mlangoni. Yeye ndiye hupelekwa kuwausia wajane. Mwaka juzi tu alimkaripia mjane wa jirani yao Jaffar mbele za watu, kisa kaenda ofisini siku mbili. Yule mwanamke alilia, na Bi Mardhiya akarudi nyumbani akalala usingizi wake. Sasa aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto.

Akachomoa penseli. Zainab akageuka, akajitia kuosha vikombe vilivyokwisha oshwa.

"Umekosea hapa," mama akasema mwisho. "Yunifomu haikuwa ndani ya baibui, kola ingeonekana. Niliitia kwenye mfuko wa mchele, nikabadilisha chooni steshini. Andika hivyo."

Zainab akakausha mikono, akavuta kiti.

"Na ikitoka, nataka nakala mbili. Moja nitampelekea mjane wa Jaffar. Nitamsomea mwenyewe, mbele ya wale wale."